Mfuko Ukitoka Mlango wa Nyuma: Niliyojifunza Katika Kliniki za Meno

Kliniki nyingi za meno za binafsi hapa Dar es Salaam ziko kwenye fremu. Chini kuna duka la dawa, pembeni saluni, juu ofisi ya wakala wa mizigo, na katikati yake kiti cha meno, kompresa na sinki. Hakuna uwanja wa nyuma, hakuna kichomea taka, hakuna shimo la majivu. Hospitali yenye wodi hujengwa ikiwa na mahali pa kuchomea; kliniki ya fremu inarithi pipa la mwenye nyumba. Nilianzia kazi kwenye kliniki za namna hii nikiwa msaidizi wa daktari pembeni ya kiti, na siku hizi nasimamia usafi na udhibiti wa maambukizi kwenye kliniki kadhaa. Kwa miaka yote hiyo nimeona jambo moja likijirudia: taka ya meno huwekwa sawa au huharibika palepale kwenye kiti, katika dakika chache baada ya mgonjwa kuinuka. Anayeweza kuiweka sawa ni daktari au msaidizi aliyeishika. Ikishaingia mfukoni ikiwa imechanganyika, huko mbele hakuna atakayeitenganisha bila kuhatarisha mikono yake.

Hebu tazama trei baada ya kung'oa jino moja tu. Kuna pamba na gozi zenye damu, glovu, barakoa, bomba la plastiki la kunyonyea mate, kitambaa cha kifuani, kikombe cha kusukutulia, jino lenyewe, sindano ya ganzi na katriji yake, yaani kichupa chembamba cha glasi kinachobeba ganzi, ambayo mara nyingi ina ganzi iliyobaki. Ongeza karatasi za vifungashio na chupa ya maji ya dada wa mapokezi. Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha asilimia 85 ya taka zote za huduma za afya ni taka za kawaida, kama za nyumbani, na asilimia 15 tu ndizo za hatari. Ila ukizichanganya, zote zinageuka kuwa za hatari. Tone la damu juu ya lundo la maboksi linatosha kulifanya lundo zima liwe la kuchomwa.

Utaratibu wa Tanzania unafahamika: ndoo nyeusi au ya bluu kwa taka za kawaida, ya njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali, na boksi gumu la usalama kwa vitu vyenye ncha kali, ambalo hufungwa likifika robo tatu. Rangi hizo karibu kila kliniki inazo, kwa sababu mkaguzi akija ndicho anachokitazama kwanza. Tatizo nililolikuta ni mahali zilipowekwa. Chumba ni kidogo, kiti kimekula nafasi yote, basi ndoo zinapangwa kwa unadhifu ukutani karibu na mlango, na boksi la usalama linatundikwa juu ya sinki. Msaidizi anatoka na trei kutoka kwenye kiti, anamzunguka mgonjwa ambaye bado ameduwaa kwa ganzi, anapishana na ndugu wa mgonjwa mlangoni, huku sindano iko wazi. Safari hiyo ya hatua chache ndiyo inayochoma watu. Kila kliniki ninayoingia, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuhamisha boksi la usalama hadi pale mkono wa daktari unapofika akiwa amekaa.

Na sindano ya meno ina mambo yake ambayo muuguzi aliyetoka wodini hayajui. Wodini sirinji na sindano vinatupwa pamoja, hakuna haja ya kuvitenganisha. Kwetu sirinji ni ya chuma na inarudi kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwa hiyo lazima mtu aifungue sindano kwa mkono. Halafu sindano yenyewe ina ncha mbili: ya mbele inayoingia kwenye fizi, na ya nyuma, fupi, inayotoboa mpira wa katriji. Kila mtu anaiogopa ile ya mbele. Ya nyuma imejificha ndani ya sirinji, na inajitokeza tu ukishaifungua. Nimefundisha wasaidizi wengi, na wengi waliowahi kuchomwa walichomwa na hiyo ya nyuma. Kifuniko hurudishwa kwa mkono mmoja: kinalazwa kwenye trei, sindano inaingizwa ndani yake kama unachota, na mkono wa pili unakaa mbali. Baada ya hapo ndipo inafunguliwa, moja kwa moja juu ya boksi.

Mwanzoni mwa kazi yangu, kwenye kliniki ambayo sitaitaja, kulikuwa na mama wa usafi aliyekuwa anakuja jioni wagonjwa wakishaondoka. Siku moja alikuwa anaushindilia mfuko mweusi ili ufungike, akachomwa kiganjani. Mfuko ulikuwa wa taka za kawaida, na kwa haki hakutegemea sindano humo. Alikuja kwangu akiwa amekifunga kiganja kwa kipande cha kanga.

"Dada, hii si kitu, ni kisindano tu kidogo," aliniambia. "Usimwambie daktari, wasije wakaniondoa."

Nilimwosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, nikamwambia, "Mama, hapa hakuna wa kukuondoa, tunakwenda hospitali sasa hivi." Dawa kinga za VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na zisivuke saa 72, kisha zimezwe kwa siku 28. Hilo alilipata. Kilichonishtua ni swali la daktari wa zamu pale hospitalini: je, huyu mama amechanjwa homa ya ini B? Hakuwa amechanjwa. Madaktari wetu walichanjwa, wasaidizi tulichanjwa, yeye anayefunga mifuko yetu sote hakuwamo kwenye orodha, kwa kuwa mshahara wake ulipitia kwa mwenye jengo. Kwa mtu asiye na chanjo, kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B kunaweza kumwambukiza kwa uwezekano unaofika asilimia 30. Kwa VVU uwezekano huo ni kama asilimia 0.3. Watu wanaogopa VVU, nao wana sababu, lakini kirusi kinachosambaa kwa urahisi zaidi kwenye mfuko wa taka ni hicho kingine, na kinga yake ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Vipimo vyake vilitoka salama. Tangu hapo sikubali kusimamia kliniki ambayo mtu wa usafi hajaanza chanjo, hata akiwa kibarua wa muda.

Baada ya tukio lile nilianza kuuliza mfuko unakwenda wapi. Majibu yalikuwa mepesi: "Kuna kijana anakuja." Kijana alikuwa na guta, anazoa taka za mtaa mzima, anapita kwa mama lishe, kwenye saluni, kwetu, na kwenye duka la nguo. Mfuko wetu wa njano ulikaa juu ya maganda ya ndizi. Kutoka kwenye guta taka zinamwagwa mahali pa kukusanyia, zinasubiri lori, na lori linakwenda dampo la Pugu. Kila kituo kwenye njia hiyo kina watu wanaochambua kwa mikono: chupa, vyuma, plastiki. Huo ni uchumi wao na wanautegemea. Mfuko wa njano kwao si onyo, ni plastiki nzito yenye thamani. Unafunguliwa, kilichomo kinamwagwa, mfuko unaoshwa. Kwa hiyo ile rangi tuliyoinunua kwa gharama, iliyopendeza machoni pa mkaguzi, ilifanya kazi hadi mlango wa nyuma tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haimwachii mzalishaji wa taka za hatari nafasi ya kusema hajui zimeishia wapi. Lakini mwenye kliniki ya kiti kimoja hawezi kujenga kichomea taka juu ya ghorofa ya pili, na wala hatakiwi kujaribu kuchoma nyuma ya jengo kwa mafuta ya taa, jambo ambalo nimelishuhudia na moshi wake ukaingia saluni. Njia inayowezekana ni mkataba na hospitali kubwa yenye kichomea au na kampuni yenye kibali cha kusafirisha taka hizo. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo halikuwamo kwenye mafunzo yoyote niliyopewa: malipo ni kwa kilo.

Kilo inabadilisha tabia. Siku tulipoanza kupima mifuko kabla ya kuikabidhi, daktari mwenye kliniki alishangaa kuona mfuko wa njano una uzito kama wa mchele. Tuliufungua kwa tahadhari, tukakuta ndani chupa za maji, maboksi ya glovu, magazeti, na plasta ya kutengenezea vielelezo vya meno, ambayo ni nzito kuliko vyote. Alikuwa karibu kulipa bei ya kuchoma taka hatari kwa ajili ya maboksi. Kesho yake ndoo nyeusi ilipata mahali pake karibu na kiti, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa tena. Nasihi nyingi kuhusu mazingira hazikufanya kilichofanywa na mizani ya jikoni.

Lakini kilo hiyohiyo inaweza kumvuta mtu upande wa pili. Mwenye kliniki anayebanwa na kodi ya pango anaona jinsi mfuko mweusi ulivyo rahisi, maana kijana wa guta analipwa kwa mwezi bila kujali uzito. Pamba zenye damu zinaanza kuhamia kwenye mfuko mweusi kidogo kidogo. Ukitazama daftari utaona wagonjwa wameongezeka na kilo za njano zimepungua. Ndiyo maana naandika vyote viwili kwenye ukurasa mmoja: idadi ya waliotibiwa na uzito wa mfuko wa njano. Vikiachana, nauliza. Simtuhumu mtu, nauliza tu, na mara nyingi swali linatosha.

Pia nadai stakabadhi mbili: ya kupokea na ya kuteketeza. Ya kupokea kila mtu anatoa. Ya kuteketeza ndiyo inayoonyesha kama mfuko ulifika motoni au uliishia kwenye kichaka cha njiani. Niliwahi kuomba nipande gari la mbebaji mmoja nikaone mwisho wa safari, na dereva alikubali bila shida. Nilikuta kichomea cha matofali cha aina ya De Montfort, kile kilichobuniwa na chuo kikuu cha huko Leicester, Uingereza, ambacho vituo vingi vya Afrika Mashariki vinakitumia kwa sababu kinajengwa na fundi wa kawaida. Kinafaa kikiwashwa vizuri, kikapata moto mkali kabla ya mfuko wa kwanza kuingia. Mchomaji alikuwa baba mtu mzima, mkimya, aliyeijua kazi yake. Akanionyesha alama za kupasukiwa kwenye mikono.

"Nyinyi wa meno mnaniletea risasi," alisema.

Alikuwa anazungumzia katriji za ganzi. Glasi iliyozibwa, yenye kimiminika ndani, ikipata moto inalipuka. Zikiingia mfuko mzima kwa pamoja, mlango wa kichomea unatikisika. Nilirudi nikabadilisha utaratibu: katriji haziendi tena kwenye mfuko wa njano, zinakwenda kwenye boksi gumu, zikiwa zimetolewa ganzi iliyobaki, na mchomaji anaambiwa boksi hilo lina nini ili aliingize kidogo kidogo. Aliniambia pia kuhusu glovu. Zile za vinyl, zenye klorini ndani ya plastiki yake, zikiungua kwa moto hafifu hutoa sumu ya dioksini. Za nitrile hazina klorini hiyo. Zinagharimu zaidi kidogo, lakini anayevuta ule moshi ni mtu niliyemwona kwa macho yangu, na tangu siku hiyo sijaagiza vinyl.

Si lazima kila kitu kichomwe. Kuanzia katikati ya muongo uliopita, mradi wa Umoja wa Mataifa ulioendeshwa Tanzania, Ghana, Madagaska na Zambia ulileta otoklevu kubwa za kutibu taka kwa mvuke, na ukweli ni kwamba pamba na gozi zikishapikwa hivyo zinaweza kwenda na taka za kawaida bila moshi wowote. Ningependa kliniki za binafsi zipewe nafasi ya kununua huduma hiyo kwenye hospitali zenye mashine.

Kuhusu eksirei sitakaa sana, maana kliniki nyingi zimehamia kwenye picha za kidijitali. Wale ambao bado wanaosha filamu wakumbuke mambo mawili. Dawa ya pili, ile ya kukazia picha, ikishatumika inabeba madini ya fedha na haifai kumwagwa kwenye sinki. Kuna wanaoinunua ili kuyatoa. Na ndani ya kila pakiti ndogo ya filamu mna karatasi nyembamba ya risasi, madini yenyewe ya risasi, inayotupwa na karatasi nyingine bila mtu kuiona. Inatengwa kwenye kopo lake.

Jino ni suala jingine, na lina utu ndani yake. Mama akija na mtoto aliyeng'olewa jino la utoto, mara nyingi analitaka, na mtoto analitaka zaidi, ili alitupe juu ya bati aote jingine. Tunalisafisha na kumpa, na sioni ubaya. Wanafunzi wa udaktari wa meno nao huja na makopo kuomba meno ya kufanyia mazoezi. Yaliyobaki yanakwenda na taka za kuchomwa, isipokuwa jino lililozibwa kwa amalgamu. Hilo halichomwi na haliingii kwenye otoklevu, na sababu yake ndiyo inayonifikisha kwenye taka inayonisumbua kuliko zote.

Amalgamu, ile dawa ya kuzibia yenye rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Watanzania wakisikia zebaki wanawaza wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita, hawawazi kiti cha meno cha Kinondoni. Jino lenye amalgamu likiingia motoni, zebaki inakuwa mvuke, inatoka na moshi. Ikiingia kwenye maji ikafika baharini au ziwani, vijidudu huigeuza kuwa aina inayojilimbikiza kwenye samaki. Mji wa Minamata, Japani, ulijua maana yake: ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki kwenye ghuba ambayo watu walivua humo. Mkataba wa dunia uliopewa jina la mji huo ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Njia yake kliniki ni fupi. Daktari anachimba ziba la zamani, vumbi na vipande vinanyonywa na mashine ya mate, vingine mgonjwa anavitema. Kwenye bomba kuna kichujio kidogo cha plastiki kinachokamata vipande vikubwa. Kikijaa maji hayapiti, na msaidizi anakitoa. Anakipeleka wapi? Kwenye sinki, anakigonga-gonga, anafungulia bomba. Nimeona hivyo kwenye kliniki nzuri, zenye viyoyozi na vigae vinavyong'aa. Kichujio kilichokuwa kimefanya kazi yake kwa wiki nzima kinaondolewa faida yote kwa sekunde chache. Kisha ili kuondoa harufu, anamimina jik kwenye bomba. Klorini inasaidia kuyeyusha zebaki kutoka kwenye vipande vilivyokwama na kuifanya iende na maji. Mwisho ni chemba ya jengo, halafu gari la kunyonya majitaka, halafu mabwawa.

Ninachofanya ni kitu kidogo: kichujio kinamwagwa kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, pamoja na mabaki ya amalgamu mpya, kapsuli zilizotumika, yaani vifuko vidogo vya plastiki ambavyo amalgamu huja ndani yake, na meno yenye ziba. Chupa inaandikwa jina, inakaa kwenye kabati lisilopata joto. Mabomba yanasafishwa kwa dawa isiyo na klorini. Kuna mashine maalum za kutenganisha amalgamu na maji, ambazo kiwango cha kimataifa kinazitaka zikamate angalau asilimia 95, lakini kliniki nilizoziona zenye mashine hiyo ni chache mno.

Wengine wananiambia suala hili linajifia lenyewe. Ni kweli matumizi yanapungua. Mwaka 2022 nchi za mkataba zilikubaliana amalgamu isitumike kwenye meno ya utoto, kwa watoto chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona hakuna budi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Januari 2025, na mwishoni mwa mwaka huohuo, Geneva, nchi zilikubaliana dunia nzima iiache ifikapo 2034. Lakini ziba la amalgamu linadumu mdomoni miaka mingi. Mtu aliyezibwa mwaka huu atakuja kung'olewa au kuchimbwa muda mrefu baada ya 2034, na mwenzake, na mwenzake. Kadiri daktari anavyoacha kuweka amalgamu, ndivyo anavyozidi kuitoa. Taka itaendelea kuja kwenye kliniki ambazo hazitakuwa na hata kapsuli moja kabatini, zenye madaktari vijana ambao hawakufundishwa kuishika.

Na chupa zangu zinajaa. Mchomaji hazitaki, na yuko sahihi. Mbebaji wa mifuko ya njano hana kibali cha zebaki. Muuzaji wa vifaa anauza kapsuli lakini harudishi mabaki. Nimepeleka hoja hii kwa madaktari ninaofanya nao kazi, ili chama cha madaktari wa kinywa na meno na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, wakae pamoja wateue kituo kimoja cha kupokelea hapa Dar es Salaam, kimoja tu kwa kuanzia, ambapo kliniki italeta chupa yake mara moja kwa mwaka na kupewa karatasi. Gharama tuko tayari kuchangia. Kliniki tatu za jengo moja tayari zinachangia kabati lenye kufuli ambalo mwenye nyumba alitupa chini ya ngazi, na daftari lake lina uzito wa kila chupa na tarehe ilipofungwa, ili kituo kikipatikana tusianze kukisia.